Mguu mmoja unapovimba peke yake

Huku kwetu nyanda za juu kusini, maumivu ya mguu huwa na majibu yaliyokwisha kutayarishwa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu unaposhuka Isyonje na watu wakalala na soksi, jibu ni baridi imeingia miguuni. Kwa mzee ni baridi yabisi. Kwa mchuma chai wa Rungwe au Mufindi ni kusimama kutwa, kwa mzazi ni uchovu wa uzazi, na kwa yule ambaye mguu wake umevimba ghafla bila jeraha wala kidonda, watu hunong'ona kwamba amekanyaga kitu alichotegewa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja wilayani Rungwe, na karibu majibu hayo yote nimeyasikia yakitolewa juu ya mguu mmoja, wa mdogo wangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, wakati ndani ya mguu huo mlikuwa na bonge la damu lililoziba mshipa. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza katika kumuuguza, nikiyachanganya na yale ninayofundisha darasani, kwa ajili ya yeyote atakayefunua blanketi na kukuta mguu mmoja hauko kama mwenzake.

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji jijini Mbeya, na kama ilivyo desturi yetu alikuja kwangu Tukuyu kumalizia uzazi, mahali palipo na mtu wa kumpikia na kumpokea mtoto. Alikuwa hatoki sana kitandani. Mshono ulimuuma, mvua haikukatika, na kila aliyekuja kumtazama alimsisitiza alale, ajifunike, asiguse maji baridi. Katika wiki ya tatu akaanza kulalamika kwamba kigimbi cha mguu wa kushoto kinamuuma anapokanyaga. "Dada, ni kama msuli umekaza, ila hauachii," aliniambia. Maneno hayo yalinifanya niketi na kumsikiliza vizuri, kwa sababu msuli uliokaza humsumbua mtu kwa dakika chache, akaunyoosha mguu, ukalegea. Maumivu yake yalikuwa palepale asubuhi na jioni, yakizidi akisimama na kupungua kidogo akiegemeza mguu juu ya mto.

Jioni hiyohiyo shangazi alikuwa amechemsha maji ya kumkanda. Shangazi amewakanda wazazi wa ukoo wetu kwa miaka mingi, nami mikono yake naiheshimu, maana wengi wetu tumepita humo. Lakini kabla taulo halijaingia kwenye sufuria, alibisha hodi jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuja kumpa mzazi hongera. Alisikia habari ya kigimbi, akamwamkia shangazi kwa heshima zote, kisha akaomba aruhusiwe kuitazama miguu kwanza, yote miwili.

Nataka nieleze alivyoitazama, kwa kuwa hakuwa na chombo chochote ambacho nyumba ya kawaida haina. Alimketisha mdogo wangu ukingoni mwa kitanda, akamvua soksi, akapandisha kitenge juu ya magoti, akaiweka miguu sambamba chini ya taa. Kitu cha kwanza alichotuonyesha ni alama ya soksi. Mguu wa kulia ulikuwa na mstari hafifu ambao ulikuwa umeanza kufutika, na wa kushoto ulikuwa na mkato uliozama ndani ya nyama. Kisha akagusa vigimbi vyote viwili kwa mgongo wa mkono, akiuhamisha huku na huku mara kadhaa, akaniambia nami niguse. Wa kushoto ulikuwa na joto. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya ugoko, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa, shimo lilibaki. Rangi aliichunguza kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyotarajia. Vipeperushi vingi huandika kwamba mguu wenye bonge la damu huwa mwekundu, na mtu mweusi anayesubiri kuuona wekundu huo anaweza kusubiri hadi achelewe. Katika ngozi yetu mabadiliko huonekana kama weusi uliokolea kuliko wa mguu wa pili, au rangi inayoelekea zambarau, pamoja na mng'ao wa ngozi iliyovutwa. Juu ya wayo wa kushoto vena ndogo, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilikuwa zimesimama, ilhali upande wa kulia hazikuonekana.

Mwisho akaomba futi ya fundi cherehani. Chini kidogo ya goti, upande wa mbele, kuna mfupa unaochomoza ambao kila mtu anaweza kuupapasa. Kutoka hapo alishuka sentimita 10 kwa kila mguu, akaweka alama kwa kalamu, kisha akazungusha futi palepale penye alama. Wa kushoto ulimzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 4. Alinieleza kwamba tofauti inayozidi sentimita 3, ikipimwa hivyo, ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari huyahesabu wanapoamua kama mgonjwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa na damu iliyoganda. Mambo mengine ni kama kulala kitandani kwa siku kadhaa, kufanyiwa upasuaji karibuni, au kuwa na saratani. Alisisitiza pia kwamba futi haina mamlaka ya kumwondolea mtu wasiwasi, kwa kuwa wapo ambao bonge limo na miguu inalingana. Wengine bonge huwa juu, kwenye paja au nyonga, nao hulalamikia kinena, tako au mgongo wa chini kabla mguu haujavimba.

Ndipo alipomgeukia shangazi. "Mama, naomba mguu huu usikandwe wala usichuliwe. Nashuku damu imeganda ndani, na tukiusukuma, bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni." Shangazi hakukasirika. Aliuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu wakati huo: kitu kilichokwama mguuni kitafikaje kifuani?

Swali hilo lilinirudisha kwenye ubao wangu wa darasani. Damu ya miguuni hurudi moyoni kupitia vena, na zile kubwa zinazobeba sehemu kubwa ya damu hiyo zimelala ndani kabisa, katikati ya misuli, mahali ambapo jicho haliwezi kuziona. Hakuna pampu chini ya wayo. Kinachoipandisha damu ni misuli ya kigimbi, ambayo kila tunapopiga hatua huzibana vena hizo, na vali ndogo zilizomo huizuia damu isirudi chini. Mtu asipotembea, damu hujikokota, kama maji ya mfereji yaliyokosa mteremko. Sasa, vena za mguu huungana kinenani, zikapanda tumboni na kuwa vena moja kubwa inayomwaga damu upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo damu husukumwa moja kwa moja kwenda mapafuni. Safari yote hiyo ni ya mishipa inayozidi kupanuka, wala hakuna chujio njiani. Mishipa huanza kuwa myembamba tena ndani ya mapafu, na hapo ndipo bonge linapokwama. Likiwa dogo, mtu huhisi kichomi anapovuta pumzi. Likiwa kubwa, anaweza kuanguka na kufa ndani ya dakika chache. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1821, ndiye anayekumbukwa kwa kuonyesha kwamba bonge linalokutwa mapafuni huwa limesafiri kutoka kwenye vena za mbali. Tangu mwaka 2014 tarehe hiyo ya kuzaliwa kwake imekuwa siku ya dunia ya kukumbusha juu ya damu kuganda mishipani, na ningefurahi sana kuona inatajwa hata kwenye gwaride la asubuhi la shule zetu.

Virchow huhusishwa na sababu tatu za damu kuganda mahali isipotakiwa: mwendo wake kuwa wa polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda kuliko kawaida. Mdogo wangu alikuwa nazo zote. Alilala sana, alikuwa amepasuliwa, na mwili wa mwanamke mjamzito huiandaa damu igande upesi ili asivuje damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Maandalizi hayo hayafutiki mtoto anapozaliwa. Wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na upasuaji huiongeza. Nayo ni wiki zilezile ambazo kwa mapenzi tunamwambia mzazi asinyanyuke. Hata ule upande wa kushoto una maelezo yake. Ndani ya nyonga, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inayokwenda mguu wa kulia hupita juu ya vena inayotoka mguu wa kushoto na kuikandamiza, na uzito wa mimba huongeza mbano huo, ndiyo maana kwa wajawazito na wazazi bonge hutokea kushoto mara nyingi zaidi.

Tuliondoka alfajiri. Katika kituo kimoja cha afya tulichopitia kwanza, aliyekuwa zamu alimsikiliza mdogo wangu akiwa amejifunika kitenge hadi miguuni, akasema ni uchovu wa uzazi na upungufu wa damu, akaandika vidonge vya maumivu. Hakufunua mguu hata mmoja. Nilisikitika, na bado nasikitika, kwa sababu mzazi asiye na mtu wa kumsemea angeondoka na vidonge vile akarudi kulala. Nilimshukuru, tukaendelea na safari kupitia Kiwira na Uyole hadi Mbeya mjini. Muuguzi wetu alikuwa amenifundisha cha kusema dirishani, kwa mpangilio huu: amejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, mguu mmoja umevimba na una joto, hakuna jeraha, tunaomba achunguzwe kama damu imeganda. Maneno hayo machache yalitufikisha kwa daktari kabla ya saa sita mchana.

Kipo kipimo cha damu kiitwacho D-dimer ambacho kikiwa chini humsaidia daktari kuliondoa wazo la bonge kwa mtu ambaye dalili zake ni hafifu, lakini kwa mzazi hupanda tu kutokana na uzazi wenyewe, kwa hiyo hakikutumika. Alipelekwa kwenye altrasaundi ya mishipa, nami nikaruhusiwa kusimama pembeni. Daktari alipaka jeli kinenani, akaweka kifaa, na kwenye kioo yakatokea maduara mawili meusi yaliyokaa bega kwa bega. Moja lilikuwa likidunda. Hiyo ni ateri. La pili ni vena. Alianza na mguu wa kulia, akabonyeza kwa kifaa, na duara la vena likajifunga lote, kuta zikagusana, akaachia likafunguka. Alipokwenda kushoto akabonyeza, duara la vena likabaki wazi. Alibonyeza tena kwa nguvu zaidi. Halikujifunga, na ndani yake palikuwa na kitu cha kijivu badala ya weusi. "Vena yenye damu inayotembea hukubali kubanwa," alisema, "hii imejaa." Alifuatilia hivyo hivyo kutoka kinenani hadi nyuma ya goti, akibonyeza kila hatua fupi, na sehemu kubwa ya njia ilikuwa hivyo. Kipimo chenyewe hakikuumiza wala hakikuchukua muda mrefu.

Ninapaswa kueleza pia habari ya dereva mmoja wa malori, shemeji wa jirani yetu, kwa sababu kwake mambo yalianzia kifuani. Alikuwa akipeleka mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, njia inayopanda Kitonga na kukatiza Makambako na Igawa, akiendesha kwa saa nyingi bila kushuka, akipunguza maji ya kunywa ili asisimame njiani. Kigimbi kilimuuma, akadhani ni klachi. Siku chache baadaye alipanda ngazi za nyumba ya wageni akashindwa kupata pumzi, moyo ukamwenda mbio, kifua kikamchoma kila alipovuta hewa, na kesho yake akakohoa makohozi yenye damu. Katika nchi yetu mtu akikohoa damu hupimwa kifua kikuu, na ni haki apimwe. Makohozi yake hayakuonyesha kitu. Daktari aliyemuuliza "na miguu je?" ndiye aliyeokoa maisha yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba kuketi safarini kwa zaidi ya saa 4 bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili, iwe ndani ya ndege, basi, gari moshi au gari dogo. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini basi la Mbeya hadi Dar es Salaam huzipita saa 4 hizo mapema sana. Basi linaposimama kwa ajili ya chakula, abiria ashuke, atembee. Akiwa kitini azungushe vifundo vya miguu na kuinua visigino. Na maji anywe. Mwenye historia ya bonge, mjamzito, au aliyetoka kupasuliwa amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Nimeulizwa mara nyingi jinsi ya kutofautisha uvimbe huu na mwingine. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, mara nyingi chanzo ni moyo, figo, ini, au kwa mjamzito shinikizo la damu, nayo ni safari ya hospitali kwa njia yake. Matende huchukua muda mrefu kujijenga, wakati bonge la damu huvimbisha mguu kwa saa au siku chache. Maambukizi ya ngozi huja na homa na mara nyingi penye mchubuko au ufa wa kidole, ingawa hata daktari hulazimika kupima ili atofautishe. Vena zilizojikunja zinazoonekana chini ya ngozi si zile za ndani ninazozizungumzia. Zamani ilifundishwa kukunja wayo kuelekea juu na kuangalia kama kigimbi kinauma. Njia hiyo haitegemewi tena, kwa sababu huuma kwa wasio na bonge na huacha kuuma kwa walio nalo. Kwetu huku ambako miguu hushinda ndani ya soksi, gambuti na blanketi, dalili ya kwanza huwa ni kiatu kimoja kukataa kuingia.

Mdogo wangu alianzishiwa sindano za enoksaparini, zinazochomwa chini ya ngozi ya tumbo, pamoja na vidonge vya warfarini, na sindano zikaachwa vidonge viliposhika kazi. Aliendelea kunyonyesha, kwa kuwa dawa zote mbili zinaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue na lisimeguke, huku mwili wenyewe ukilimaliza polepole, ndiyo maana matibabu hayapungui miezi 3. Warfarini inataka nidhamu. Damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo cha INR, ambacho kwa ugonjwa huu hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa chini bonge hurudi, kikipanda mno mtu huvuja damu. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Wengine husikia hivyo wakaacha mchicha na majani ya maboga kabisa, wakati kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila duka la dawa, huongeza hatari ya kuvuja damu, na dawa za miti shamba zisichanganywe nayo bila daktari kujua. Fizi zikivuja, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa na damu, au kichwa kikiuma ghafla baada ya kuanguka, mgonjwa arudi hospitali saa hiyohiyo.

Mguu wake uliendelea kuvimba jioni kwa miezi mingi, hasa akisimama sana, kwa kuwa vali za vena iliyoziba hubaki zimeharibika. Alishauriwa kutembea kila siku na kuinua mguu anapopumzika, na soksi za kubana zilimsaidia kupunguza uzito na maumivu. Shangazi ndiye aliyemwongoza katika matembezi ya asubuhi, kutoka nyumbani hadi njia panda na kurudi, na sasa anapoitwa kwenye nyumba ya mzazi huomba kwanza aonyeshwe miguu yote miwili.

Katika uzazi wa mpango alielekezwa kuepuka vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa kuwa navyo huongeza uwezekano wa damu kuganda, akachagua kitanzi. Na alipotaka mtoto wa pili alikwenda kliniki kabla hata ya kushika mimba, akaeleza yaliyompata. Warfarini kwa kawaida haitumiki kwa mjamzito kwa sababu huvuka kondo la nyuma na kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo katika mimba hiyo alichomwa sindano za kuzuia damu isigande, ambazo hazivuki kwenda kwa mtoto, na akaendelea nazo hadi wiki 6 baada ya kujifungua.